Rejista ya Kamba ya Mama Mwavita

Mikelenge, Kindu
11 Machi 1984

Sharifa, mujukuu wangu, muke mwenzangu,

Mimi ni muzima. Muguu wa kushoto unauma, lakini muguu ni wangu, nitaupangia kazi mwenyewe. Anayeandika ni Katungu, muke ya Kakule wa butiki ya chumvi na sabuni hapa kwenye kona. Nimemwambia aandike kama ninavyosema, asinitilie maneno ya sukari. Ameapa. Yeye ni Munande, watu wa milima, wakiapa wanashika.

Nasema haraka kwa sababu iko muteja anangoja chumvi.

Kijito cha Kamonga unakikumbuka. Ulizaliwa hatua mia moja kutoka pale, maji yake njo yalikuosha siku ya kwanza. Miaka kumi na moja sasa ninafundisha wanawake wa avenyu tatu namna ya kuvua pale: unafunga kijito kwa matope na majani ya ndizi, unatoa maji kwa ndoo mpaka samaki wanabaki wanacheza kwenye tope, unachukua wa kula, unafungulia maji. Dimbwi moja moja, kwa zamu. Utupa, yale majani ya sumu, hapana. Na lile dimbwi la juu, kwenye chemchemi chini ya ile mitende ya miwale, hapana kabisa, kwa sababu pale kambale wanazalia. Wale niliowafundisha wanafundisha wasichana wao. Hakuna aliyenituma. Niliona tu kijito kinakufa, na sisi njo tunakinywa.

Sasa Hamisi. Ule Hamisi niliyembeba mugongoni mama yake alipokuwa na homa. Amekuwa shefu wa kartie, mukubwa wa mutaa wetu, ameshona suti mbili za abakosi. Anasema salongo ya kiangazi, ile kazi ya lazima ya Jumamosi, itakuwa kukata miwale yote ya chemchemi, «kusafisha», na kila muntu atapata kipande cha kulima mupunga. Nikamwambia, Hamisi, ukikata miwale, jua litakunywa chemchemi, mwaka wa pili utalima vumbi. Akaniuliza mbele ya watu: «Mama, wewe umesoma wapi? Iko karatasi gani inasema wewe ni mwalimu?»

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka, ili wasione uso wangu.

Unajua mimi sikukaa darasani hata siku moja, hata kwa mwalimu wa Kurani. Alifu siijui. Lakini wewe ulisoma mpaka macho yakataka miwani. Nitafutie karatasi. Karatasi yenye muhuri, kubwa, inayosema Mwavita anafundisha. Kabla miwale haijakatwa.

Na kula. Kwenye ile picha uliyotuma shingo yako ni kama ya kuku wa jirani.

Tate yako, mama ya mama yako,
Mwavita binti Sumaili
(alama ya kidole)


Bukavu
2 Aprili 1984

Tate wangu,

Barua yako imefika na kamyo, lile lori la bidhaa la Kakule, inanuka mawese. Nimeisoma mara tatu, ya tatu kwa sauti, na mwenzangu wa chumba alicheka mpaka akaketi chini. Shingo yangu ni nzima.

Sikiliza. Mlangoni mwa hospitali ninapofanya kazi wamebandika tangazo. Kuna ofisi ndogo hapa nyuma ya soko, inaitwa Mfuko wa Elimu ya Maji na Misitu. Kila mwaka wanachagua kikundi kimoja tu katika kila zoni, watu wanaofundisha majirani zao kutunza maji na miti. Kikundi kikichaguliwa kinapata vifaa vya kazi. Kinapata nafasi ya mtu mmoja kuja kujifunza Bukavu majuma matatu, kula na kulala juu yao. Na kinapata barua yenye muhuri wa mkoa, inayofanya mahali mnapofundishia kuwa uwanja wa mafunzo. Mahali pakiwa na barua ile, hakuna anayekata hata jani bila ruhusa ya Mfuko. Hamisi hataweza kitu.

Nimekwisha kujaza fomu kwa jina lako. Maswali yalikuwa mengi na ya Kifaransa. Usijisumbue nayo, yote nimeyajibu. Kimebaki kitu kimoja: wanataka rejista, yaani daftari lenye majina ya wote uliowafundisha, kila mmoja ametia sahihi yake. Mama Katungu apige mistari, awaite wanawake. Maombi yanafungwa tarehe 31 Julai.

Usigombane na Hamisi. Nakuomba.

Mjukuu wako,
Sharifa


Mikelenge, Kindu
29 Aprili 1984

Mujukuu wangu,

Rejista iko ndani ya kifurushi. Usishangae. Njo ile kamba.

Katungu alipiga mistari vizuri kwa rula ya butiki. Tukawaita wanawake. Wakaangalia daftari, wakaangaliana. Mumoja akasema: «Sahihi si tulishatia?» Na kweli. Wewe uliondoka mapema, hukuona. Muke akimaliza kujifunza, yaani amekausha dimbwi lake mwenyewe, amechukua wa kula na ameacha wenye mayai, anafunga fundo lake kwenye kamba ya mwale inayokaa juu ya mulango wangu. Anafunga kwa mukono wake, namna yake. Hakuna mafundo mawili yanayofanana. Sasa ni sitini na ine. Mufunge yeyote macho, mupe kamba, atalipata lake.

Nikamwambia Katungu, daftari ya nini? Majina sitini na ine kwa mwandiko wa muntu mumoja, watu wa ofisi wataamini? Kwenye kamba hakuna aliyefungiwa na mwingine. Basi nimeitoa, nimeitia kwenye mufuko wa sukari, na mulango sasa unaniangalia kama muntu aliyeng'olewa meno. Waambie wairudishe.

Fundo lenye mufupa wa samaki ndani wasilifungue. Lile lina mwenyewe, na siwezi kusema habari yake kwenye barua.

Hamisi yuko sawa. Tumeongea. Salongo ya chemchemi imesogezwa mpaka Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba. Hapa wote wazima, hakuna habari.

Mwavita
(alama ya kidole)

Hapa chini ni mimi, Katungu. Mama yuko nje anachagua vitunguu, anafikiri ninafunga bahasha. Sharifa dada yangu, habari iko. Jumamosi ya wiki jana Hamisi hakungoja kiangazi, alileta watu wanane na mapanga. Walipotaka kuanza, Mama aliingia ndani ya dimbwi la chemchemi, akaketi, maji yakamfika kifuani, akasema basi kateni pamoja na mimi. Wanawake wengine wakaingia nyuma yake. Kazi ikasogezwa. Lakini Mama alipelekwa biro, ile ofisi ya kartie, kwa kukataa salongo, akafungiwa kutwa nzima kwenye chumba cha majembe. Alipotoka aliniambia: «Majembe yake yote yana kutu. Nimemwambia.» Mimi niliapa kuandika anachosema. Kunyamaza sikuapa.


MFUKO WA ELIMU YA MAJI NA MISITU
Bukavu, 21 Mei 1984
Kwa Sitwayen (Mwananchi) Mwavita binti Sumaili, Mikelenge, Kindu

Sitwayen,

Tunafurahi kukujulisha kwamba kikundi chako kimeshika nafasi ya kwanza katika zoni ya Kindu, kati ya maombi manne. Ili uamuzi huu uwe wa mwisho, utume kabla ya tarehe 31 Julai, saa sita mchana, cheti chako cha kumaliza shule ya msingi, ambacho fomu yako, katika swali la saba, inasema ulikipata kwa masista. Anayekuja mafunzoni ni lazima awe nacho, kwa kuwa masomo yanaandikwa. Cheti kisipofika, nafasi itapewa kikundi kinachofuata.

Kuhusu rejista: tumepokea kamba moja. Kanuni zetu hazikutaja kamba. Kwa sasa imetundikwa kwenye msumari karibu na dirisha.

Kwa heshima,
Sitwayen Bisimwa
mwenye kushughulikia maombi


Mikelenge, Kindu
10 Juni 1984

Sharifa,

Leo sikuiti muke mwenzangu. Ni Ramadhani, nimefunga, kwa hiyo matusi yako nimeyaweka. Nilitaka tungoje jua litue njo tuandike, lakini butiki inafungwa saa kumi na moja. Umeponea hapo.

Katungu alinisomea barua ya ofisi. Alipofika swali la saba akakohoa. Nikamwambia soma. Akasoma. Kumbe mimi nilisoma kwa masista. Walinifundisha nini, Sharifa? Niliwafulia mashuka miaka miwili. Mashuka yao nayajua yote, ubao wao sikuuona.

Hamisi aliniuliza nimesoma wapi ili watu wacheke. Wewe ukanijibia kwa uongo. Kati yenu wawili, nani alinionea haya zaidi? Hamisi alinitazama usoni angalau.

Dereva wa Kakule anasema iko muntu huko njiani anatengeneza vyeti, vinatoka na muhuri kabisa, wino haujakauka. Nikamuuliza, kesho nikimwambia muke asimwage utupa, ataniamini kwa nini?

Leo hii nimemwandikia yule wa ofisi mwenyewe, nimemwambia ukweli. Tukikosa, tumekosa. Kama miwale itaanguka, ianguke mbele ya mimi, si mbele ya yule mwanafunzi wa masista uliyemzaa kwenye karatasi.

Nimekutumia karanga. Hasira haizuii karanga.

Mwavita
(alama ya kidole)


Mikelenge, Kindu
10 Juni 1984

Kwa Bisimwa wa ofisi ya maji,

Kakule, ambaye muke yake njo anaandika hii, anasema mulisoma shule moja na uliitwa Edouard kabla majina ya kizungu hayajakatazwa. Edouard lilikufaa. Lakini sitaki kukuletea maneno, nitakuita baba.

Baba, cheti sina. Hakikupotea, hakikuungua, panya hawakukila. Hakikuwepo. Aliyejaza fomu ni mujukuu wangu, kwa kunipenda na kwa kunionea haya, vyote kwa kalamu moja. Mimi sijui kusoma. Jina langu likipita njiani limeandikwa, sitalisalimia.

Lakini pamoja na barua yenu ilikuja nakala ya ile fomu, na Katungu amenisomea swali la sita: «Unafundisha nini?» Mujukuu aliandika mustari mumoja. Nakujibu mimi. Ninafundisha dimbwi linapumzika miezi mingapi kabla ya kukaushwa tena. Ninafundisha kutia mukono chini ya jiwe na kumjua kambale mwenye mayai kwa kugusa tumbo. Ninafundisha kwa nini maji yako baridi chini ya mwale na yako moto penye shamba wazi. Ninafundisha muke asiyempenda jirani yake angoje zamu ya jirani yake. Hii ya mwisho njo ngumu kuliko zote, inachukua miaka miwili.

Njoo uone. Niulize mimi, ama waulize wale wa kwenye kamba. Tukishindwa kujibu, mupe nafasi anayefuata, na nitakupikia kabla hujaondoka. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa saba shefu wetu anakata miwale. Ukija nyuma ya pale utakuta visiki.

Kamba iangalie. Kama dirisha lenu lina jua, inakauka na kukatika. Inyunyizie maji.

Mwavita binti Sumaili
(alama ya kidole)


Bukavu
5 Julai 1984

Tate,

Karanga nimezila zote nikiwa nimesimama, kama mtoto aliyeadhibiwa.

Sina la kujitetea, nitakueleza tu. Nyuma yangu kulikuwa na foleni ya waombaji, wengi walimu, wana mikoba. Karani akauliza kwa sauti: «Huyu mwombaji amefika darasa la ngapi?» Wote wakaniangalia. Nikasikia mdomo wangu unasema la sita. Nilikuonea haya, ndiyo, kwa muda wa neno moja. Tangu siku ile ninajionea haya mimi.

Nilipopata barua yako nilikwenda ofisini kukiri. Sitwayen Bisimwa alikuwa na yako mkononi. Hakunigombeza. Aliitoa kamba kwenye msumari, ilikuwa na unyevu, kumbe aliinyunyizia. Akanishikisha fundo lenye mfupa, akauliza: «Hili la nani, na mfupa wa nini?» Sikujua. Akanishikisha jingine. Sikujua. Nimesoma miaka kumi na minne, na nilisimama mbele ya rejista ya kwetu nisiweze kuisoma.

Akasema: «Na mimi sijui. Basi nitakwenda kusomewa.» Anakuja na kamyo ya Kakule, njia ikikubali. Ila amenituma niwaambie wazi: kanuni ya cheti imetoka Kinshasa, yeye hawezi kuifuta.

Niandikie, hata kama ni matusi uliyoyaweka.

Sharifa


Mikelenge, Kindu
30 Julai 1984

Sharifa dada yangu,

Mama amesema niandike mimi, yeye koo limemkauka kwa kusema. Leo ninaandika yangu, hakuna anayesimama juu ya bega langu, na sijui nianzie wapi. Naanza na tope, kwa sababu bado liko chini ya kucha.

Kamyo ilivunjika njiani, tukakata tamaa. Lakini Jumamosi, tarehe ishirini na nane, asubuhi, Bwana Bisimwa akaingia Mikelenge kwa miguu, vumbi mpaka kwenye nyusi, kamba ameivaa shingoni. Hakutaka kuoga. Alikwenda moja kwa moja chemchemini. Hamisi alikuwa pale na watu thelathini na mapanga.

Hamisi akasema: «Sitwayen, huyu mama hajui hata alifu.»

Bwana Bisimwa akasema: «Ameshaniambia mwenyewe. Nimekuja kusikia rejista.»

Mama akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. Wanawake wakaja mmoja mmoja, tukawafunga macho kwa kitambaa changu cha kichwa, kile chekundu. Kila mmoja anapewa kamba. Vidole vinatembea, vinatembea, vinasimama. «Hili langu.» Halafu anataja dimbwi lake na alichojifunza. Mmoja alisema dimbwi la tatu linapumzika miezi minne, na akaeleza kwa nini si mitatu. Mama mmoja wa kutoka Tunda alisema alimchukia jirani yake kwa sababu ya mbuzi, lakini akangoja zamu yake, na zamu ilipofika yule jirani akaja kumsaidia kutoa maji. «Sasa simchukii,» akasema, «ila mbuzi bado.» Bwana Bisimwa alikuwa anaandika, kisha akaacha kuandika, akasikiliza tu. Watu wa mapanga wakaketi.

Ikafika zamu ya Zawadi. Zawadi ni muke ya Hamisi. Hamisi hakujua kama naye yuko kwenye kamba, alifikiri kila Jumatano anakwenda kwa dada yake. Vidole vyake vikasimama kwenye mfupa.

Akasema, macho yamefungwa: «Hili langu. Miaka sita iliyopita nilikuwa na wageni, nikataka samaki wa haraka. Nikatwanga utupa, nikamwaga juu, penye chemchemi. Samaki walielea mpaka kule barabarani, wakubwa na watoto wao. Walioteka maji siku ile walitapika. Wewe, Hamisi, ulitapika siku mbili, ukasema ni pombe ya shemeji yako. Kijito kilikaa miezi kumi na minane bila samaki. Nilikwenda kwa Mama Mwavita ili anifukuze. Akanipa ndoo, akanifundisha. Siku ya kufunga fundo akanipa mufupa, akasema utie ndani, kidole chako kisisahau. Tangu hapo mimi njo mulinzi wa chemchemi hii.» Akageuza uso kwenye upande aliposikia mume wake anapumua. «Ukikata miwale, baba ya watoto wangu, utafanya kwa panga kile nilichofanya kwa utupa. Na safari hii nitasema ni nani.»

Hamisi aliangalia panga lake kama kitu alichookota njiani.

«Yule shemeji,» akasema polepole, «nimemnunia miaka sita.»

Hapo watu walicheka, hata wa mapanga, hata yeye. Akawaambia waende wakakate majani ya uwanja wa mpira.

Bwana Bisimwa akasema amesomewa, ametosheka. Lakini wa kwenda Bukavu ni lazima awe na cheti, na pasipokuwa na mtu wa kwenda, faili lote linafungwa Jumanne: vifaa, muhuri, kila kitu. Akauliza: «Katika kikundi hakuna hata mmoja?» Hakuna. Kati ya wale sitini na nne, hakuna. Nilimwona Mama anaangalia miwale, mmoja mmoja, kama anaiaga. Kisha akanigeukia mimi.

«Katungu, ile karatasi unaficha ndani ya kopo la biskuti ni ya nini?»

Ni cheti changu cha darasa la sita, cha Butembo. Bwana Bisimwa akatoa kalamu kwa furaha. Mama akamshika mkono. «Ngoja, baba. Huyu hana fundo. Hawezi kwenda kwa jina letu bila fundo.» Nikasema, Mama, mimi ni mtu wa milima, maji ninayajua kwenye glasi. Akasema: «Dimbwi la tano limepumzika vya kutosha. Vua viatu.»

Dada yangu, nilitoa maji toka saa sita mpaka saa kumi. Niliteleza mara tatu. Kakule alikuwa ukingoni anashangilia kama ni mpira. Kambale mmoja alinichoma kiganja. Mwisho, ndani ya tope, nikamshika mmoja mrefu kama mkono wangu, samaki wa kwanza wa maisha yangu, nikamkumbatia. Mama akasema: «Gusa tumbo.» Nikagusa. Limejaa mayai. Nikajifanya sijaelewa. Kakule akaanza kelele: usimwachie, muke wangu, leo mchuzi. Mama hakurudia. Alikaa tu juu ya ndoo yake, ananingoja. Nilisimama pale na samaki kifuani, na nakuambia niliona uchungu wa kweli. Kisha nikamvusha upande wa juu, penye maji. Akakaa kidogo karibu na miguu yangu, akaenda.

Fundo langu ni la sitini na tano. Limepinda, lakini nimelifunga mimi. Bwana Bisimwa aliandika jina langu na kusaini palepale, karatasi ameiegemeza kwenye mgongo wa Hamisi, kwa sababu meza haikuwepo.

Nakuja Septemba. Nitafutie kitanda.

Katungu


Mikelenge, Kindu
Jumamosi, 15 Septemba 1984

Katungu binti yangu,

Umeona mwandiko huu si wa butiki. Kakule anaandika namba vizuri, maneno yake hakuna anayeyasoma. Katika avenyu zote tatu, mwenye kalamu na mwandiko wa kusomeka amebaki Hamisi. Nimemwita, amekuja, amekaa kwenye kiti cha mume wako. Nimemwapisha kama nilivyokuapisha wewe.

(Ninaandika kama anavyosema. Hamisi.)

Andika, Hamisi: barua yenye muhuri ilifika Jumatatu ya wiki jana. Andika kwamba uliisoma wewe mwenyewe mbele ya watu, na ulipofika penye jina langu sauti ilikukatika.

(Ilikuwa vumbi. H.)

Haikuwa vumbi. Inasema Mwavita binti Sumaili ni mwalimu wa kijito cha Kamonga, na chemchemi pamoja na miwale yake ni uwanja wa mafunzo. Nikamwambia arudie. Akarudia. Nikamwambia arudie kwa wale wa nyuma. Akasema wa nyuma wamesikia. Nikamwambia mimi sijashiba.

Vifaa vimefika: ndoo arobaini, majembe yasiyo na kutu, toroli mbili. Toroli moja inalia, Kakule ameitia mawese. Salongo sasa inafanywa pale pale chemchemini, lakini kazi yake ni kupanda miwale na kusafisha mufereji. Jumamosi iliyopita walikuja watu zaidi ya mia mbili, hata wa Alunguli walivuka muto kwa pirogi. Nilifundisha mpaka sauti ikawa ya jogoo mugonjwa. Na wanaume wanataka fundo. Nimewaambia kamba moja, foleni moja, tope moja. Wawili walipoona tope walikumbuka kazi nyumbani.

Hamisi yuko kwenye foleni. Atafundishwa na Zawadi.

(Mimi ni wa kumi na tisa. Zawadi amekataa kunisogeza mbele. H.)

Sasa wewe. Sharifa ameniandikia kwa barua ya ndege kwamba siku ya kwanza ya mafunzo ulikaa nyuma kabisa na kunyamaza, kwa sababu wenzako ni walimu wa shule na mumoja ana miwani ya dhahabu. Katungu. Hao wamesoma habari ya maji. Wewe maji yamekushika kiunoni mbele ya mume wako na kartie nzima. Kaa mbele. Wakisema jambo zuri, lichukue, uje unifundishe, mimi ni muzee lakini kichwa hakijajaa. Wakisema jambo ambalo kijito hakilijui, inua mukono. Inua ule uliochomwa na kambale. Wakikuuliza aliyekufundisha alisoma wapi, waambie hakusoma, na uendelee kusema.

Muke mwenzangu Sharifa umwambie nilimsamehe siku ile ile ya karanga. Fundo lake ni habari ingine. Akija likizo, avue viatu.

Hamisi anauliza nimalize namna gani, anasema barua ya mwalimu inataka maneno ya heshima mwishoni. Nimemwambia watu wamejaa chemchemini, ninawasikia kutoka hapa, wananingoja. Aweke kalamu chini, achukue ndoo, twende.

Mwavita binti Sumaili
mwalimu